Kimo cha Gari: Historia Fupi ya Springi katika Nchi ya Mbuga

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alipendekeza neno "katena" kuelezea jinsi aina za udongo zinavyofuatana kama mnyororo kutoka kileleni hadi bondeni. Usukumani mnyororo huo huonekana hata kwa asiyesoma jiolojia. Juu kuna mawe, chini yake kichanga ambacho Wasukuma hukiita luseni, kisha ardhi ngumu ya ibambasi, na mwisho mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Wenyeji walikuwa na majina hayo kabla ya sayansi kuyatafutia jina la jumla. Nayaleta hapa kwa sababu historia ya gari katika Shinyanga na Geita haianzii kwenye injini. Inaanzia kwenye udongo.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuaminika katika misimu yote. Nje ya reli, usafiri wa magari uliitegemea kalenda ya mvua. Pamba ilisaidia kwa kuwa huvunwa kiangazi, wakati mbuga imekauka na lori linaweza kupita. Shirikisho la Victoria, ule ushirika mkubwa ulioanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, lilisimama juu ya bahati hiyo ya kijiografia. Laiti pamba ingekuwa zao la masika, nadhani tungekuwa tunasimulia historia nyingine kabisa ya siasa za Kanda ya Ziwa.

Madini hayakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi huko Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga, na akajenga mji kamili wenye umeme, hospitali na uwanja wake wa ndege. Mgodi hauwezi kulala miezi ya mvua. Hivyo Mwadui ilijijengea barabara ndani ya uzio, na nje ya uzio ikabaki mbuga. Huo ndio mpaka wa kwanza mkubwa ninaoujua katika eneo hili kati ya wanaosafiri mwaka mzima na wanaosubiri jua, na uliwekwa na mwekezaji kabla ya Uhuru.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeleta duniani jipu la Kimarekani, gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kwa kuiga wazo hilo, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover yake ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Lilikuwa gari la mkulima, lililokalia springi za majani, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tanganyika likawa gari la bwana shauri, na baada ya Uhuru likawa gari la mkuu wa wilaya. Halikuwa gari la starehe. Kiongozi aliyetoka Shinyanga kwenda vijijini alifika akiwa na vumbi lile lile na maumivu ya mgongo yale yale ya dereva wake. Sisemi kwamba hilo lilimfanya awe mwadilifu, lakini hakika aliijua barabara.

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984, iliendeleza tabia hiyo, na hadi leo nyuma yake hukalia springi za majani. Ndilo gari la migodi, la mashirika na la wagonjwa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja Land Cruiser ya aina nyingine, la springi za koili, refu, laini, lenye kiyoyozi. Watanzania wakaliita shangingi, wakiazima neno la mwanamke mjuzi wa mambo ya mjini. Dola ikahama kutoka kwenye jani kwenda kwenye koili. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu alizungumza hadharani kuyapinga mashangingi kwa sababu ya gharama, na hoja hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo kuna jambo halikusemwa: gari laini humfanya anayelipanda asiisikie barabara ambayo ni kazi yake kuitengeneza.

Dhahabu ya Geita ilikuwa na historia yake pia. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001. Karibu na migodi hiyo yakajaa machimbo ya wachimbaji wadogo, yenye maduara na makarasha yake, na njia ambazo hazimo katika ramani ya wakala yeyote wa barabara. Kule gari la abiria ni mchomoko, Noah iliyotengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani. Fundi huinyanyua kwa kupachika spesa ya mpira au ya chuma juu ya springi, na safari inaendelea hadi machimboni.

Hapa ndipo suala la kuinua gari linapokuwa la kihistoria na la kiufundi kwa pamoja, nami nitalikalia kidogo, kwa kuwa watumishi wengi wa umma husaini karatasi za magari bila kulielewa. Katika gari lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser ya kazi, springi ndefu huinua bodi tu. Ekseli na difu yake hubaki pale pale, kwa sababu kimo chake huamuliwa na tairi. Na katika mbuga kinachokwama kwanza ni difu. Anayenunua seti ya kuinua ili avuke mbuga, akaacha tairi zile zile, amepata gari refu litakalokwama mahali pale pale, ingawa mlango wake utakuwa juu zaidi ya tope.

Faida ya kweli ya seti nzuri ni uwiano wa springi, shokapu na mzigo. Watengenezaji makini, wakiwamo Waaustralia ambao nyika yao haitofautiani sana na yetu, humwuliza mnunuzi gari litabeba kilo ngapi kila siku, kabla hawajamwuliza anataka sentimita ngapi. Kuinua kwa takriban sentimita 5 kwa kawaida huvumilika. Ukizidisha sana, pembe za usukani na za shafti hubadilika, mipira ya breki hukazika, na uzito wa gari hupanda juu kiasi kwamba kona ya kawaida huwa hatari. Fundi wa mtaani anayeipasha springi moto ili aikunje upya huiondolea chuma hicho ule ugumu kilichopewa kiwandani. Baada ya miezi michache hulala tena, au huvunjika. Spesa ya mchomoko nayo haiongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja, huku gari likijazwa abiria kana kwamba limeongezwa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni gari la wagonjwa. Springi zilizopangwa kubeba watu kumi na mizigo yao, zikibebeshwa mgonjwa mmoja na muuguzi, hazikunji. Kila shimo hufika moja kwa moja kwenye kitanda. Akiwa mama mwenye uchungu, anayetolewa zahanati ya kijijini kupelekwa hospitali ya wilaya, ugumu huo ni sehemu ya matibabu anayopewa. Halafu wapo wanaoongeza jani jingine "ili liwe imara."

TARURA ilianza kazi mwaka 2017, na sehemu kadhaa ambazo zamani zilikuwa mbuga tupu sasa zina tuta na makalavati. Kila kalavati linalojengwa linampunguzia mtu fulani gharama ya spesa. Kinyume chake pia ni kweli: mwenye mchomoko wa Kahama au Nyarugusu anayenunua spesa analipa kodi ya barabara ambayo hakuna bajeti inayoionyesha, na mgodi wenye barabara yake hauilipi.

Kwa wanafunzi wangu wa zamani mlioko sasa katika kamati za zabuni za halmashauri, nina ombi moja dogo. Katika karatasi ya mahitaji ya gari, baada ya mstari wa ukubwa wa injini, ongezeni mstari wa uzito litakaobeba siku za kawaida, na mwingine wa aina ya udongo litakaopita. Kama hamjui jina la udongo huo, mwulizeni mzee yeyote wa kijiji.