Kulinganisha dawa mgonjwa anapolazwa: mambo ya kujua kabla hujampeleka mzee wako hospitali

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho wengi hatukijui mpaka yatukute. Mtu akilazwa, daktari wa wodi anamwandikia dawa mpya. Je, zile alizokuwa anameza nyumbani? Kuziorodhesha zote, kuzilinganisha na za wodini, halafu kuamua ipi iendelee, ipi isimame na ipi ibadilishwe dozi, ndiko naita kulinganisha dawa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kazi hii kwenye mradi wa High 5s ulioanza 2006, na mwongozo wake unataka orodha ipatikane ndani ya saa 24.

Sasa njoo huku kwetu. Tuseme mama anahudhuria kliniki ya presha Rubya au Ndolage, kule Muleba. Akizidiwa anakimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukoba. Faili limebaki kule, daftari la kliniki liko juu ya kabati, na aliyemleta ni kijana wake aliyekuja likizo toka Dar. Akiulizwa dawa, anajibu "vile vidonge vyeupe vya presha". Vyeupe! Karibu vidonge vyote ni vyeupe jamani.

Hatari ziko za aina mbili. Kwanza dawa kuachwa. Mwenye kifafa anayetumia phenobarbital akikatishwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Pili dawa moja kumezwa mara mbili kwa majina tofauti. Bibi yangu alipolazwa (hospitali siitaji) aliandikiwa glibenclamide ya sukari, kumbe kwenye mkoba ana Daonil, na Daonil ni glibenclamide hiyo hiyo. Akawa anameza zote. Jasho likamtoka, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyekuta pakiti chini ya mto.

Lakini kwa mkoa wetu naona tatizo kubwa zaidi ni siri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na aibu ile bado haijaisha. Mtu anameza ARV kwa kificho, mkewe hajui. Anaulizwa mbele ya mashemeji wawili, "unatumia dawa nyingine?" Atasema hapana, we ungesema nini? Halafu akikutwa na TB anaanzishwa dawa zenye rifampicin. Rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyomo ndani ya kidonge cha TLD, ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo huongezewa dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya kile kidonge chake. Asiposema, haongezewi, na virusi vinapata mwanya.

Kwa hiyo swali la dawa liulizwe ndugu wakiwa wametolewa nje, na lisiulizwe kwa ukali. Hivyo hivyo kwa dawa za kienyeji: anayekunywa omubirizi akishaona anachekwa, hasemi tena. Na jibu la mdomo peke yake halitoshi, lipatikane na la pili, iwe kadi ya CTC, daftari au vidonge vyenyewe. Kwa mtazamo wangu mfamasia au nesi ndiye aanze hii kazi, maana daktari mmoja na foleni ile hawezi. Siku ya kuruhusiwa orodha isomwe tena, mgonjwa aambiwe zipi za zamani hazimezi tena.

Sisi wa nyumbani tubebe dawa zote kwenye mfuko mmoja, hata zilizoisha tubebe pakiti. Ila kuna bahasha zile za kaki za duka la dawa, juu imeandikwa "2x3" basi, jina la dawa hakuna. Hata mfamasia akiishika hawezi kujua ni kitu gani. Wadau mnaouza dawa huku Kahororo na Muleba, kuandika jina kunachukua sekunde ngapi?