Henderson: hospitali iliyoendeshwa kwa kura za wagonjwa

Mwaka 2008 hospitali ya Henderson, huko Sutton, kusini mwa London, ilifungwa. Kwa miongo kadhaa ilikuwa kimbilio la watu wenye matatizo makali ya haiba: wanaojikata kwa wembe, wanaogombana na kila anayewakaribia, waliokwisha kukatiwa tamaa na hospitali nyingine.

Mwasisi wake, Dkt. Maxwell Jones, alianzia Mill Hill wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Askari walilalamika moyo kwenda mbio ilhali moyo wenyewe ulikuwa mzima. Jones aliwakusanya awaeleweshe jinsi mwili unavyofanya kazi, akagundua kwamba wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1947 akaipeleka fikra hiyo Sutton.

Vitanda vilikuwa 29. Dawa za akili hazikutolewa, wala milango haikufungwa kwa kufuli. Kila asubuhi wote walikutana, mwenyekiti akiwa mgonjwa aliyechaguliwa na wenzake. Wagonjwa walipiga kura pamoja na wahudumu kuamua nani apokelewe. Aliyempiga mwenzake au kujikata alihesabiwa amejifukuza. Akitaka kubaki, ilimbidi asimame mbele ya mkutano awaeleze wale aliowatia hofu kwa nini wampe nafasi nyingine. Hata usiku mkutano wa dharura uliweza kuitishwa, watu wakaamshwa usingizini. Kwangu mimi, hapo ndipo tiba ilipokuwa: mtu aliyezoea kufukuzwa anasikilizwa, kisha anaulizwa.

Mwanaanthropolojia Robert Rapoport alikichunguza kituo hicho, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kilichozua mvutano. Alisema misingi ya kituo inagongana: kumvumilia mgonjwa na papo hapo kumkabili kwa ukweli, kumzoesha maisha ya mle ndani wakati anatakiwa kurudi uraiani. Jones hakuyapokea vizuri. Naona Rapoport alikuwa na haki, lakini hoja zake zilidai marekebisho tu.

Baadaye zilikuja tiba nyingine za matatizo hayo ya haiba, ya Marsha Linehan wa Marekani na ya Bateman na Fonagy wa Uingereza, nazo zimesaidia wengi.

Lakini Henderson nayo ilikuwa na ushahidi wake: utafiti wa 1996 ulifuatilia wagonjwa wake 24. Kabla ya kulazwa, kila mmoja aligharimu wastani wa pauni 13,966 kwa mwaka. Mwaka mmoja baada ya kutoka, pauni 1,308. Gharama ya kumlaza ingerudi kwa miaka miwili hivi. Hata hivyo, mamlaka za afya za maeneo zilipoachiwa kulipia wagonjwa wao, waliopelekwa Sutton wakapungua, na hesabu hiyo haikuiokoa hospitali.