Nani Afukie Machimbo? Majimbo na Shirikisho la Marekani

Marekani ni nchi ya shirikisho, na kila kilima chake kina serikali mbili: ya jimbo na ya Washington. Kilima kinapochimbwa makaa ya mawe kisha kikaachwa wazi, ni serikali ipi iwajibike kukirudisha katika hali yake? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jimbo. Ardhi na matumizi yake vilihesabiwa kuwa mambo ya nyumbani, na West Virginia ndiyo iliyotangulia kutunga sheria ya machimbo ya juu ya ardhi, mwaka 1939. Majimbo mengine yalifuata, lakini kwa kusitasita. Jimbo lililokaza sheria lilihofia kwamba makaa yake yangepanda bei na wanunuzi wangehamia kwa jirani aliyelegeza.

Tarehe 26 Februari 1972, bwawa lililotengenezwa kwa taka za makaa lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek, huko huko West Virginia. Watu 125 walikufa, na maelfu wakakosa makao. Kampuni yenye mgodi ilidai kuwa hiyo ilikuwa kudura ya Mungu. Wenyeji hawakulikubali neno hilo. Mimi naona yaliyofuata mahakamani yanafundisha zaidi kuhusu serikali kuliko mafuriko yenyewe. Jimbo liliishtaki kampuni, likidai dola milioni 100. Januari 1977, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Gavana Arch Moore aliimaliza kesi kwa dola milioni 1. Wahandisi wa Jeshi la shirikisho, waliokuwa wamelisafisha bonde, wakaliandikia jimbo hati ya madai ya dola milioni 3.7. Fidia iliyopokelewa na jimbo haikutosha hata kulipia usafi.

Wakati huo Bunge la Washington lilikuwa limekwisha kupitisha muswada wa machimbo mara mbili, na mara zote mbili Rais Gerald Ford aliukataa kwa kura ya turufu, akihofia ajira na upungufu wa nishati. Jimmy Carter ndiye aliyetia saini, tarehe 3 Agosti 1977.

Sheria hiyo iligawa wajibu kwa namna ya pekee. Washington huweka kiwango cha chini. Jimbo likitunga sheria isiyopungua kiwango hicho, hupewa mamlaka ya kutoa vibali na kukagua migodi yake lenyewe. Likikataa, wakaguzi wa shirikisho huingia. Mchimbaji hutakiwa kurudisha umbo la mlima karibu na lilivyokuwa, kutandaza udongo wa juu na kupanda mimea, na kabla ya kuchimba aweke dhamana. Katika Kiswahili, dhamana ni wajibu aliokabidhiwa mtu, tena ni mali anayoiweka ili asiukimbie wajibu huo. Sheria ya 1977 inazihitaji maana zote mbili.

Wachimbaji wa Virginia, pamoja na jimbo lao, walikwenda mahakamani wakisema Washington imevuka mpaka. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya shirikisho, kwa kauli moja, iliwakatalia: hakuna jimbo linalolazimishwa, kwa kuwa lisilotaka mzigo huo laweza kuiachia Washington. Tennessee ililichukua neno hilo kama lilivyo. Mwaka 1984 iliacha usimamizi, na shirikisho likaushika.

Machimbo ya zamani, ambayo wenyewe walikwisha kutoweka, yalitengewa mfuko wa ada: senti 35 kwa kila tani iliyochimbwa juu ya ardhi, na senti 15 kwa ile ya chini. Kwa migodi mipya, tegemeo ni dhamana iliyo mikononi mwa msimamizi, na hapo ndipo penye udhaifu. Wyoming, kwa mfano, iliruhusu kampuni kubwa zijidhamini zenyewe kwa nguvu ya hesabu zao tu. Mwaka 2016 Peabody, iliyokuwa miongoni mwa hizo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Mwaka 2021 Bunge liliidhinisha takribani dola bilioni 11.3, zitolewe kwa miaka 15, kwa ajili ya ardhi ya makaa iliyotelekezwa. Fedha hizo zinalenga hasa machimbo yaliyoachwa kabla ya 3 Agosti 1977. Yaliyoachwa baada ya siku hiyo hutegemea dhamana iliyokusanywa, na ikipungua, jimbo lenye usimamizi ndilo linalobaki na shimo.