Gettysburg: Vitabu Vilivyompita Mwenye Shamba

Mizoga ya farasi ilikuwa bado imetapakaa mashambani mchoraji John Bachelder alipofika Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Julai 1863. Majeshi yalikuwa yameondoka siku chache tu kabla. Mji wa watu wapatao 2,400 ulikuwa umeachiwa majeruhi kwa maelfu, makanisa na maghala yamegeuka hospitali. Bachelder alizunguka na karatasi zake akichora vilima, kuta za mawe na bustani za matunda, kisha akapita kitanda hadi kitanda akiwauliza majeruhi wa pande zote mbili vikosi vyao vilisimama wapi na vilisogea lini. Kazi hiyo alikufa nayo mwaka 1894.

Mapigano yenyewe, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yalianza tarehe 1 Julai yakaisha tarehe 3. Jenerali Robert E. Lee alikuwa amelivusha kaskazini jeshi la majimbo ya Kusini, yaliyojitenga na Marekani ili kulinda utumwa, na Jenerali George Meade wa jeshi la Muungano akamkabili. Siku ya tatu askari wa Kusini wapatao 12,500 walitembea kwenye uwanja mtupu wa zaidi ya kilomita moja kuelekea mizinga ya Cemetery Ridge. Karibu nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Kwa siku zote 3, hasara ya pande mbili inakadiriwa kuwa watu 50,000 hivi.

Ni mapigano machache duniani yaliyoandikiwa vitabu vingi kama haya. Ukivipanga kwa miaka ya kuchapishwa, unaona kwamba ugomvi uliomo ndani yake mara nyingi ni wa siasa za baada ya vita, na kwamba wapo watu waliokuwa pale pale uwanjani ambao waandishi waliwapita kwa zaidi ya miaka 100.

Bachelder alikuwa na kila sababu ya kuandika kitabu bora kuliko vyote. Mwaka 1880 Bunge la Marekani lilimtengea dola 50,000 aandike historia kamili. Alichokabidhi ni mswada wa kurasa zaidi ya 2,500, sehemu kubwa ikiwa ni ripoti rasmi za makamanda zilizopangwa moja baada ya nyingine. Serikali haikuuchapisha. Utajiri wake ulikuwa kwingine, kwenye mamia ya barua alizoandikiwa na askari wa zamani, na hizo hakuzitumia ipasavyo. Zilikuja kuchapishwa miaka ya 1990, na tangu hapo hakuna mwanahistoria wa Gettysburg anayefanya kazi bila hizo.

Wakati yeye akikusanya barua, wengine walikuwa wakitafuta wa kumlaumu. Lee alifariki mwaka 1870 bila kuandika kumbukumbu zake, na pengo hilo likazibwa na waliomtukuza. Mwaka 1872, siku ya kuzaliwa ya marehemu, Jenerali Jubal Early, aliyepigana chini ya Lee, alihutubia huko Lexington, Virginia, akamtwisha lawama ya kushindwa Jenerali James Longstreet, aliyekuwa mkono wa kulia wa Lee. Mwaka uliofuata William Pendleton, mkuu wa mizinga wa Lee na kasisi kwa wito, akaongeza kubwa zaidi: kwamba Longstreet aliamriwa kushambulia jua linapochomoza tarehe 2 Julai, naye akakawia hadi saa kumi alasiri. Maofisa waliofanya kazi pembeni mwa Lee waliandika barua kusema kwamba amri ya namna hiyo hawakuijua. Haikusaidia kitu.

Haikusaidia kwa sababu kosa la Longstreet machoni mwao halikuwa la Gettysburg. Baada ya vita alijiunga na chama cha Republican, akamuunga mkono rafiki yake wa zamani, Jenerali Ulysses Grant wa Muungano, na mwaka 1874 mjini New Orleans akaongoza polisi na wanamgambo, wengi wao weusi, dhidi ya wazungu wenye silaha waliotaka kuipindua serikali ya jimbo. Mtu huyo hakuweza kusamehewa, na njia nyepesi ya kummaliza ilikuwa kuandika kwamba ndiye aliyempotezea Lee ushindi. Early, kwa upande wake, alikuwa na yake ya kueleza: jioni ya siku ya kwanza divisheni yake ilikuwa karibu kabisa na Cemetery Hill, na kilima hakikutwaliwa.

Longstreet alijibu kwa makala, kisha mwaka 1896 kwa kitabu kinene, From Manassas to Appomattox. Ni kitabu chenye hasira, na kila mahali anapomgusa Lee alijiongezea maadui. Douglas Southall Freeman, mhariri wa gazeti la Richmond aliyeshinda tuzo ya Pulitzer kwa wasifu wa Lee wa mwaka 1934 na 1935, aliipokea hukumu ya kina Early na kuipa heshima ya usomi. Lee alikuwa ameshajengewa sanamu kwenye uwanja huo mwaka 1917. Ya Longstreet ilisimamishwa mwaka 1998.

Aliyeigeuza kesi hiyo mbele ya watu wa kawaida alikuwa mwandishi wa riwaya. The Killer Angels ya Michael Shaara ilikataliwa na wachapishaji wengi kabla ya kutoka mwaka 1974, na mwaka 1975 ikapata Pulitzer. Ndani yake Longstreet ni mtu mwenye akili anayeliona janga likija na hasikilizwi. Shaara alifariki mwaka 1988, hakuiona filamu ya 1993 iliyoifanya riwaya yake isomwe na mamilioni. Ni riwaya nzuri, naipenda. Lakini mtu mweusi ndani yake ni mmoja tu, mtumwa mtoro aliyejeruhiwa, ambaye hapewi hata jina.

Na hapo ndipo Abraham Brian anapohusika. Pale Cemetery Ridge, jirani na ukuta ambapo shambulio la siku ya tatu lilivunjika, palikuwa na nyumba yake ndogo, ghala na shamba la eka 12. Alikuwa mkulima mweusi huru, na shamba alilinunua kwa fedha yake mwaka 1857. Vita vilipokaribia aliikimbiza familia, kwa maana askari wa Lee walikuwa wakiwakamata watu weusi humo Pennsylvania, waliotoroka utumwa na waliozaliwa huru bila kubagua, na kuwapeleka kusini. Aliporudi alikuta kuta zimetobolewa kwa risasi, madirisha yamevunjwa, mazao yamekanyagwa. Aliandika dai la fidia la dola 1,028. Alilipwa 15.

Wanahistoria wa mizinga na vikosi walilitaja ghala la Brian mara kwa mara, kwa kuwa lilikuwa alama nzuri ya kuonyesha nani alifika wapi. Mwenyewe hawakumuuliza. Wala si kwamba habari zilikosekana. Tillie Pierce, aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati wa mapigano, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1889, na ndani yake anawaeleza majirani weusi wakiukimbia mji na mizigo mgongoni, watoto nao wamebeba vifurushi vyao. Basil Biggs, mkulima mwingine mweusi, aliongoza kundi lililofukua miili zaidi ya 3,000 ya askari wa Muungano ili izikwe upya katika makaburi ya taifa. Kazi hiyo ilikuwa haijakwisha Rais Abraham Lincoln aliposimama hapo tarehe 19 Novemba 1863. Hotuba yake ya maneno kama 270 iliandikiwa na Garry Wills kitabu kizima, kilichopata Pulitzer mwaka 1993. Aliyefukua maiti hao hakuandikiwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005. Margaret Creighton, katika The Colors of Courage, aliwaweka wahamiaji, wanawake na watu weusi wa Gettysburg mbele ya majenerali. Mwaka huo huo Kent Masterson Brown alichapisha kitabu juu ya jeshi la Lee likirudi kusini, na msafara anaouchora umejaa mifugo na nafaka zilizoporwa, pamoja na maelfu ya watumwa walioletwa kupika, kuendesha magari ya farasi na kubeba majeruhi. Baada ya kukisoma ni vigumu kuendelea kulizungumzia jeshi lile kana kwamba utumwa ulibaki nyumbani Virginia.

Kwa msomaji anayeanza, ushauri wangu ni aanze na Creighton. Kisha amchukue Edwin Coddington, aliyefariki kabla kitabu chake cha 1968 hakijatoka, na ambaye bado hajapata wa kumzidi katika kueleza maamuzi ya makamanda. Kwa Coddington utaona pia jambo ambalo kina Early na Longstreet walilisahau katika ugomvi wao: Meade na askari wake walipigana vizuri, na Lee alishindwa kwa sababu kulikuwa na watu waliomshinda.