Le Creusot: halmashauri 16 na makumbusho yasiyo na kuta

Charles Schneider alipofariki mwaka 1960, mji wa Le Creusot, katikati-mashariki mwa Ufaransa, ulibaki bila bwana. Tangu 1836 ukoo wake ndio uliomiliki viwanda vya chuma, ukajenga nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na makanisa, na mara kadhaa ukashika hata umeya. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kufanya kazi na kuzeeka chini ya jina hilohilo moja.

Mwaka 1970 halmashauri 16 ziliungana kuwa jumuiya moja ya mji, Le Creusot ya chuma na Montceau-les-Mines ya makaa ya mawe zikiwa humo. Kasri la akina Schneider, ambalo kabla yao lilikuwa kiwanda cha vioo vya Malkia Marie-Antoinette, likaingia mikononi mwa umma. Viongozi wakataka makumbusho humo. Njia iliyokuwa nyepesi ni kupanga picha za mabwana na mifano ya mizinga, watu waje watazame ukuu wa waliowatawala.

Haikuwa hivyo, na hapo ndipo penye thamani ya historia hii. Marcel Evrard, aliyepewa kazi hiyo, alishirikiana na Hugues de Varine, mkurugenzi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, na mtangulizi wake, Georges Henri Rivière. Kwao, eneo lote la halmashauri zile ndilo makumbusho, na wakazi ndio wenye mali. Cherehani ya bibi, taa ya mchimba makaa, kilango cha maji kwenye mfereji wa Canal du Centre, tanuri la matofali: kila kitu kikae kilipo, kwa mwenyewe, kiandikwe na kuelezwa na wanaokijua. De Varine ndiye aliyelipa wazo hilo jina la ekomakumbusho mwaka 1971, na kufikia 1974 Le Creusot ilikuwa imelichukua.

Wafanyakazi wastaafu waliombwa wasimulie kazi waliyoifanya miaka nenda miaka rudi bila kuulizwa na mtu. Naamini hili lilikuwa kubwa kuliko maonyesho yoyote. Nyundo ya mvuke ya 1876, yenye uzito wa kupigia wa tani 100, ilikwisha kusimamishwa mlangoni mwa mji kama mnara, lakini aliyejua jinsi joto la chuma lilivyochoma uso alikuwa mzee wa mtaani.

Mwaka 1984 kampuni ya Creusot-Loire, mrithi wa viwanda vile, ilifilisika, na maelfu ya ajira yakawa hatarini. Makumbusho hayakuweza kuyaokoa, na anayeziuzia serikali za mitaa wazo hili kama dawa ya ukosefu wa kazi anazidanganya. Yalichoweza ni kuwafanya watu waone karakana kongwe kuwa urithi kabla hazijabomolewa zote.

Wazo hilo lilifika mbali. Nchini Japani, mji mdogo wa Asahi, mkoani Yamagata, uliotishwa na upungufu wa watu, uliutangaza mji mzima kuwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko hapakuwa na tajiri aliyeondoka. Palikuwa na mashamba ya matufaha, nta ya nyuki na ziwa Onuma lenye visiwa vinavyoelea, na ofisi ya mji iliyowaambia wakulima kwamba wao ndio watunzaji wa makumbusho hayo.