Godot: marekebisho ya msimbo katika injini huria ya michezo

Godot ni injini ya michezo ya kompyuta na simu: programu inayompa mtengenezaji wa mchezo kazi ambazo angelazimika kuziandika upya kila mara, kama kuchora picha kwenye skrini, kupiga sauti, kukokotoa migongano ya vitu na kupokea amri za vidole au kibodi. Iliandikwa Buenos Aires, Argentina, na Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikatumika kwa miaka kadhaa ndani ya studio za michezo za Amerika ya Kusini, kisha msimbo wake ukawekwa hadharani Februari 2014 chini ya leseni ya MIT. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kuutumia msimbo, kuubadili na kuuza mchezo alioujenga juu yake bila kulipa mrabaha. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2014, la 2.0 Februari 2016, la 3.0 Januari 2018 na la 4.0 Machi 2023. Tarehe hizo ni rahisi kuzikariri, lakini hazielezi injini inavyoishi. Kati ya toleo kubwa na jingine huingia maelfu ya mabadiliko, mengi yakiwa ya mistari michache tu, na humo ndimo ubora wake unamopatikana au kupotea. Makala haya yanashikilia kwamba kurekebisha kosa katika injini ni kazi tofauti na kurekebisha kosa katika mchezo mmoja. Anayeigusa injini anaugusa msingi ambao nyumba za watu wengine zimekwisha kusimama juu yake, kwa hiyo rekebisho lake halijakamilika mpaka liwe limejibu swali la nyumba hizo.

Safari ya rekebisho huanza na taarifa ya hitilafu. Anayeripoti huombwa ataje toleo analotumia, mashine yake na kadi yake ya michoro, aeleze hatua za kuirudia hitilafu, na aambatanishe mradi mdogo kabisa unaoionyesha. Sharti hilo la mwisho huwakera wengi, maana mtu aliyekwama katika mchezo wake mkubwa hana hamu ya kuketi kujenga mwingine mdogo. Hata hivyo ndilo lenye thamani kuliko yote. Hitilafu inayojirudia katika mradi wa faili tatu inaweza kuwindwa. Ile inayotokea mara mojamoja ndani ya mchezo wenye mamia ya faili humchosha kila anayeifuata. Ikiwa jambo lilikuwa sawa katika toleo lililopita na sasa limeharibika, hutumika mbinu ya kugawa nusu kwa nusu: huchukuliwa badiliko lililo katikati ya lile zuri la mwisho na lile bovu la kwanza, injini hujengwa kutoka hapo na kujaribiwa, kisha nusu isiyo na kosa huwekwa kando. Mabadiliko 1,000 humalizwa kwa majaribio 10 hivi. Mwishowe hubaki badiliko moja lenye tarehe na maelezo yake, na si ajabu kukuta kwamba badiliko hilo nalo lilikuwa rekebisho la hitilafu nyingine. Anayependekeza rekebisho jipya huliwasilisha hadharani. Mashine huijenga injini kwa Windows, Linux, macOS, Android, iOS na wavuti ili kuona kama kuna palipovunjika, halafu msimamizi wa sehemu husika huusoma msimbo wenyewe. Likikubaliwa huingia tawi kuu. Swali gumu hufuata: je, linakiliwe pia katika tawi la toleo ambalo watu wanalitumia leo? Msimbo uleule unaweza kufaa kwa toleo lijalo na kukataliwa kwa la sasa, bila mstari wake hata mmoja kuwa na kosa.

Mfano mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kosa lake huonekana kwa macho. Kwa kawaida Godot hukokotoa fizikia mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Skrini ya kompyuta inaweza kuwa inachora fremu 144 kwa sekunde, karibu milisekunde 7 kwa kila moja. Namba hizo mbili hazigawanyiki sawasawa: hatua moja ya fizikia huonyeshwa kwa fremu mbili, inayofuata kwa fremu tatu, na kuendelea. Mpira unaoviringika kwa kasi isiyobadilika huonekana kama unatetemeka, ingawa mahesabu yake ni sahihi kabisa. Dawa yake inajulikana tangu zamani: badala ya kuuchora mpira mahali ulipo kwenye hatua ya mwisho, injini huuchora mahali fulani kati ya hatua mbili za mwisho, kulingana na muda uliokwisha kupita. Mwendo hulainika, kwa gharama ya kuchelewa kidogo kusikozidi hatua moja. Godot iliipata dawa hiyo kwa michezo ya 3D katika toleo la 3.5 mwaka 2022, kisha kwa michezo ya 2D katika 4.3 mwaka 2024, na kwa 3D ya mfululizo wa nne katika 4.4 mwaka 2025.

Cha kuangaliwa zaidi ni kwamba dawa hiyo huja ikiwa imezimwa, na mtengenezaji ndiye anayeiwasha. Mwenye haraka atauliza kwa nini mwendo laini usiwe haki ya kila mchezo tangu mwanzo. Jibu lake ni mhusika anayehamishwa ghafla, kwa mfano anayekufa upande mmoja wa ramani na kufufuka upande mwingine. Kwa injini inayolainisha mwendo, uhamisho huo ni safari kama nyingine yoyote, na mhusika ataonekana akipita kwa kasi katikati ya kuta zote. Ili kulizuia hilo, mtengenezaji anapaswa kuiambia injini kwa amri ya waziwazi kwamba hapa hakuna safari, anzia mahali papya. Mchezo ulioandikwa kabla ya dawa hiyo hauna amri hiyo popote. Kama injini ingeiwasha yenyewe, ingewaponya wenye skrini za kasi na kuivunja michezo iliyokuwa mizima, nao watengenezaji wake wangepoteza siku nzima wakitafuta kosa ambalo hawakulifanya. Kuizima mwanzoni kunaheshimu kazi iliyokwisha kufanywa.

Wapo wanaopinga mtazamo huu, na hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba kuwahurumia waliotangulia ndiko kunakozeesha programu: kila kosa la zamani huhifadhiwa kwa kuwa kuna aliyelizoea, msimbo hujaa vipengele vya kuokoa hali, na anayeanza leo hulipia makosa ya miaka kumi iliyopita. Godot yenyewe ni ushahidi kwamba wakati mwingine lazima kuvunja. Toleo la 4.0 lilijengwa upya kuanzia kwenye uchoraji, ambao ulihamia kiolesura cha michoro cha Vulkan, likapitia matoleo 17 ya alfa na 17 ya beta kabla ya kukamilika. Lilibadili majina ya vitu vingi pia. Spatial ikawa Node3D. Amri ya move_and_slide, inayomtembeza mhusika na kumtelezesha anapogusa ukuta, ilikuwa ikipewa kasi kila inapoitwa. Sasa kasi hukaa ndani ya mhusika mwenyewe, na amri huitwa mikono mitupu. Muundo mpya ni safi zaidi, na anayejifunza leo huushika upesi. Lakini hakuna mchezo mkubwa wa 3.x uliohamia 4.0 bila jasho.

Hoja hiyo inajibiwa na namna uvunjaji ulivyopangwa. Uvunjaji mkubwa uliwekwa kwenye namba kubwa, mahali ambapo kila mtu anajua kuutarajia, na mfululizo wa zamani haukutelekezwa: toleo la 3.6 lilitoka Septemba 2024, mwaka mmoja na nusu baada ya 4.0. Kulitunza tawi la zamani ni mzigo wa kweli kwa watu ambao wengi wao wanajitolea, na kila saa inayotumika huko haitumiki kwingine. Hata hivyo mzigo huo ndio unaoipa jamii uhuru wa kuvunja bila kumtupa mtu njiani. Pale mpango huo ulipolegea, madhara yalionekana mara moja. Viongezi vilivyojengwa kwa lugha ya C++ kwa ajili ya 4.0 havikufanya kazi katika 4.1, toleo ambalo kwa namba yake lilionekana dogo, na kila mwenye kiongezi akalazimika kukijenga upya. Baada ya hapo ukaguzi wa mashine ulipewa kazi ya kulinganisha kila pendekezo na amri zilizokwisha kutangazwa. Ukibadili idadi ya vigezo vya amri moja, pendekezo lako hugoma mpaka uache na njia ya zamani ikiendelea kupitika.

Pingamizi jingine hutoka kwa wasioamini msimbo huria wenyewe. Wanaitazama orodha ya hitilafu za Godot, yenye maelfu ya taarifa ambazo hazijafungwa, na kuhitimisha kwamba hakuna anayewajibika. Orodha hiyo inapimwa vibaya. Injini isiyo huria nayo ina hitilafu. Tofauti ni kwamba daftari lake limefungiwa ofisini. Tukio la Septemba 2023 lilionyesha kuwa uwajibikaji wa kibiashara nao una mipaka: kampuni ya Unity, yenye injini ya michezo isiyo huria, ilitangaza ada ambayo ingetozwa kulingana na idadi ya mara mchezo unaposakinishwa, ikalegeza masharti siku chache baadaye kutokana na hasira ya watengenezaji, na mwaka 2024 ikaifuta. Studio ya Re-Logic, iliyotengeneza mchezo wa Terraria, iliipa Godot dola 100,000 za Marekani wakati huo. Leseni ya MIT haimwezeshi mtu yeyote kumnyang'anya mtumiaji toleo alilokwisha kulipokea. Ni haki kukubali, hata hivyo, kwamba uhuru wa kujirekebishia una maana ndogo kwa msanii asiyejua C++, na hao ni wengi. Kwao kinga ya kweli ni watu wanaosoma mapendekezo ya wengine siku baada ya siku, kazi ngumu kuipata kuliko kuandika rekebisho jipya, kwa kuwa haina sifa na inadai kumbukumbu ya miaka. Wakfu wa Godot, ulioundwa Uholanzi mwaka 2022, hukusanya michango na kuwalipa baadhi ya waandishi na wasimamizi wa msimbo, na pale ambapo fedha zake hununua muda wa kupitia kazi za wengine, hapo zinatumika vizuri kuliko mahali pengine popote.

Namna fizikia ya 3D ilivyobadilishwa inaonyesha hoja ya kuheshimu kazi iliyokwisha kufanywa ikitumika katika kipimo kikubwa. Toleo la 3.0 liliingiza Bullet, maktaba ya fizikia iliyoandikwa nje ya mradi, 4.0 ikaiondoa na kutegemea fizikia ya Godot yenyewe, ambayo ilileta malalamiko mengi kuhusu masanduku yasiyotulia yanapopangwa juu kwa juu. Wakati huohuo maktaba ya Jolt, ya Jorrit Rouwe, ilikuwa imekwisha kujithibitisha katika mchezo wa Horizon Forbidden West. Kwanza ilifika kwa watumiaji wa Godot kama kiongezi ambacho mtu alijichagulia. Toleo la 4.4 likaiweka ndani ya injini, bado kwa hiari na kwa tahadhari kwamba iko majaribioni. Toleo la 4.6 likaifanya chaguo la kwanza, lakini kwa miradi mipya ya 3D peke yake; mradi wa zamani hubaki na fizikia uliyoanza nayo hadi mwenyewe aibadili. Sababu ni kwamba maktaba mbili za fizikia, hata zikiwa sahihi zote, haziuangushi mnara mmoja wa masanduku kwa namna moja, na fumbo la mchezo lililopimwa kwa uangalifu juu ya anguko la kwanza linaweza kukosa ufumbuzi kwenye la pili. Kwa hiyo fizikia ya zamani ingali ndani ya msimbo, na hitilafu zake zinaendelea kupokelewa, kuchunguzwa na kurekebishwa.