Magobori Yaliyolia na Yasiyolia: Mafundi wa Bunduki katika Buganda ya Karne ya 19

Tunapofundishwa historia ya Buganda ya karne ya 19, bunduki huhesabiwa kama ng'ombe: nani alileta ngapi, kabaka yupi alikuwa na nyingi zaidi. Ni nadra kuulizwa ngapi kati ya hizo zilikuwa zinalia. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba swali hili la pili ndilo zito, na kwamba jibu lake lilikuwa mikononi mwa wahunzi na mafundi, watu ambao vitabu vyetu huwataja kwa mstari mmoja na kupita.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunduki nyingi zilizofika Buganda kutoka pwani zilikuwa magobori, yaani bunduki za kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu kwa kutumia mdeki. Mtutu wa gobori ni bomba. Upande wake wa nyuma huzibwa kwa kizibo cha chuma kilichokatwa hesi kama parafujo. Kizibo hicho ndicho kinachopokea kishindo cha kila mlio. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi, na masizi hayo huvuta unyevu. Katika nchi ya mvua kama hii iliyo kando ya Nyanza, gobori lisilooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa vizuri hushika kutu, na kutu hupenda kuanzia pale pale nyuma. Hesi zikishikana, tundu la kupitishia moto likiziba, mwenye bunduki hubaki na rungu la bei ghali.

Kufungua kizibo cha namna hiyo si kazi ya misuli tu. Nilikwenda Katwe kwa fundi mmoja mzee anayechonga vipuri vya mashine, nikamuuliza: "Mzee, ukiletewa bomba lililozibwa hivi na kutu, unalifunguaje?" Akacheka. "Mwanangu, ukianza na nyundo umeshaliua." Kwanza, alisema, ni mafuta, na kulala nayo usiku mzima. Kisha moto kwa nje, ili chuma cha nje kitanuke. Kisha kubana bomba kwenye jiriwa, huku limewekewa vipande vya shaba ubavuni lisibonyee. Ndipo spana. Ile aliyonionyesha ilikuwa imebadilishwa: mdomo wake alikuwa ameupiga tupa mpaka ukaenea kichwa cha nati isiyouzwa tena dukani, na mpini alikuwa ameuvika kipande cha bomba ili uwe mrefu maradufu. Mpini ukiwa mrefu maradufu, mkono huhitaji nusu ya nguvu. Lakini alinionya kuwa mpini huo huo hukata hesi upesi, kwa hiyo yeye huvuta kidogo, hurudisha, huvuta tena.

Sidai kwamba wahunzi wa Mengo walikuwa na spana kama hiyo. Ninachodai ni kwamba tatizo lao lilikuwa hilo hilo, na kwamba hakuna msafara wa Waarabu uliokuja na dawa yake.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walifika katika ikulu ya Kabaka Suna katika miaka ya 1840. Mwaka 1862 Speke alimpa Mutesa bunduki, na ameandika mwenyewe jinsi kabaka alivyomtuma kijana wa ikulu akaijaribu moja kwa kumpiga mtu nje. Kisa hicho husimuliwa sana darasani. Kisichosimuliwa sana ni kwamba wamisionari wa kwanza wa CMS walipowasili mwaka 1877, Mutesa aliwauliza kama walijua kutengeneza bunduki na baruti. Wengi huliona swali hilo kama uroho wa silaha. Mimi naliona kama swali la mtu aliyechoka kutegemea misafara.

Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland, alifika mwaka uliofuata. Hakuwa amekuja kufua bunduki, lakini karakana yake ya Natete ilikuwa na vyombo ambavyo watu hawakuwa wameviona, na Waganda wakampa jina: Mzungu wa kazi. Jina hilo ni la Kiswahili, si la Kiganda. Sisi tunaosoma lugha hii hapa Kampala, ambako wengi huiita lugha ya askari, tungefaa kulikumbuka.

Na ufundi haukuanza na Mackay. Buganda ilikuwa na wahunzi wake tangu zamani, na Walukaga lilikuwa jina la cheo miongoni mwao. Noa Walukaga, mhunzi wa kabaka, alikuwa mmoja wa Wakristo waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Mwanga. Tunamkumbuka kama shahidi wa dini, na ni haki yake. Lakini siku ile ikulu ilipoteza pia mkono uliojua chuma, miaka miwili tu kabla ya vita vya dini ambamo kila upande ulitafuta bunduki kwa udi na uvumba.

Lugard alifika Desemba 1890 na kujenga ngome yake juu ya kilima cha Kampala. Katika kitabu chake anamsifu mtu anayemwita Fundi Kisule, mwanafunzi wa Mackay, aliyeweza kutengeneza kamani mpya na kurekebisha bunduki yoyote iliyoharibika. Sifa hizo zinatoka kwa mtu aliyekuja na bunduki ya Maxim na ambaye, katika vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892, aliwagawia Waprotestanti silaha. Hakuwa na sababu ya kumpendelea mhunzi wa Kiganda. Tena, "fundi" hapo limegeuka kuwa sehemu ya jina lake.

Mkataba wa 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa bunduki, na kumpa Kabaka leseni 50 bila malipo. Gobori lililoziba kwa kutu na lile lililotoka mikononi mwa Kisule jana, katika daftari la kodi yote mawili ni bunduki moja moja. Nadhani ndiko tulikojifunza kuhesabu hivyo.